Kina mama wa Wajir na soko lililozaa kamati za amani

Mwaka 1992 mji wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, ulikuwa pabaya. Ukame ulikuwa umefyeka mifugo. Serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka mwaka mmoja kabla na silaha zilivuka mpaka bila kizuizi. Koo za Ajuran, Degodia na Ogaden ziliuana kwa sababu ya malisho, visima na viti vya ubunge, hata watu zaidi ya 1,000 wakapoteza maisha katika miaka michache. Serikali nayo ilikuwa na doa lake: wenyeji hawakuwa wamesahau mauaji yaliyofanywa na vyombo vya usalama mahali paitwapo Wagalla, Februari 1984. Nani angemwamini mpatanishi kutoka Nairobi?

Usiku mmoja wakati wa mapigano hayo, Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, alijificha chini ya kitanda na mtoto wake huku risasi zikipishana nje. Kulipokucha, mama yake alimweleza kwamba naye aliwahi kumficha Dekha vivyo hivyo katika miaka ya sitini, enzi za vita vya shifta, kati ya serikali na waasi wa eneo hilo.

Dekha na kina mama wengine wachache wa koo mbalimbali, wasiofika hata kumi na wawili, wakaanza kukutana na kuzungumza. Ajenda yao ya kwanza ilikuwa ndogo mno, na pengine ndiyo iliyowaokoa: soko. Mwanamke wa ukoo huu alikuwa hamuuzii wala hanunui kwa wa ukoo ule, na wengine waliogopa hata kufika hapo. Walikubaliana kwamba yeyote auze na kununua bila kuulizwa ukoo wake, kisha wakaweka wasimamizi sokoni. Palipozuka ugomvi, waliwahi kuumaliza kabla haujafika majumbani, kwa waume na kaka zao.

Soko lilipotulia, vita vilikuwa bado vinaendelea huko nje, na neno la vita na suluhu lilikuwa la wazee. Hapa kina mama walionyesha werevu wa kisiasa ambao wanadiplomasia wengi hawana. Walianzia kwa wazee wa ukoo mdogo, ambao hakuna aliyewaogopa, wakawaomba wawaite wenzao. Mzee wa ukoo huo ndiye aliyekuwa msemaji wao mbele ya wakubwa. Mazungumzo yakazaa Azimio la Al Fatah la Septemba 1993, lililoweka taratibu za kurejesha amani. Vijana waliobeba bunduki nao walifuatwa huko huko vichakani. Walipoulizwa wanataka nini, walitaja kazi, na wafanyabiashara wa mji wakaombwa kusaidia.

Kufikia mwaka 1995 makundi ya kina mama, wazee na vijana, pamoja na viongozi wa dini, yalikuwa yameunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ndani ya mfumo wa utawala wa wilaya. Mtindo huo ukaigwa katika wilaya nyingine za wafugaji, na baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 ukapelekwa nchi nzima. Dekha, aliyepewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka huo huo wa 2007, alikuwa miongoni mwa waliowakutanisha Wakenya kila asubuhi katika hoteli moja ya Nairobi, Januari 2008, kujadili namna ya kuzima moto. Alifariki Julai 2011 kutokana na majeraha ya ajali ya barabarani.

Kwa bahati mbaya, amani ya Wajir haikudumu moja kwa moja. Mwaka 2014 Wadegodia na Wagarre, ukoo mwingine, walipigana vikali katika kaunti za Wajir na Mandera, na maelfu ya watu wakahama makwao, ingawa kamati za amani zilikuwepo. Kamati inayoundwa kwa waraka wa serikali inaweza kuwa na mwenyekiti na mhuri, lakini kinachoipa nguvu ni watu wanaokutana kila siku, na Wajir watu hao walikuwa wauzaji wa sokoni.