Uchaguzi wa Kiolezo cha Ukurasa kwa PHP na Hifadhidata

Kiolezo ni faili yenye umbo la ukurasa wa wavuti: kichwa, menyu, nafasi ya habari na kijachini. Habari yenyewe hukaa katika hifadhidata. Katikati husimama programu ya PHP, lugha iliyoasisiwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1994, inayopokea ombi, kuchota rekodi na kuamua rekodi hiyo ivishwe kiolezo kipi. Uamuzi hufanyika papo kwa papo, ombi linapofika kwenye seva.

Kwa mfano, Mkoa wa Rukwa nchini Tanzania una halmashauri nne: Manispaa ya Sumbawanga, Wilaya ya Sumbawanga, Kalambo na Nkasi. Zote hutangaza zabuni, nafasi za kazi na taarifa za madiwani. Zikihudumiwa na programu moja, uchaguzi wa ngazi ya juu kabisa hufuata kikoa: ombi la kalambodc.go.tz huletewa nembo na menyu za Kalambo, la nkasidc.go.tz za Nkasi.

Uchaguzi kwa aina ya maudhui ndio wenye manufaa mapana zaidi. Jedwali la kurasa huwa na safu za anwani, kichwa, matini, aina na kiolezo. Rekodi ya Maporomoko ya Kalambo, yenye kimo cha zaidi ya mita 200, huandikwa aina “kivutio” na kupata picha pana na ramani. Rekodi ya mahindi katika soko la Sumbawanga huandikwa “bei” na kupata jedwali jepesi lisilo na picha, linalofunguka upesi hata kwa simu yenye mtandao hafifu kule Kirando, Nkasi. Ofisa habari hujaza fomu tu, hagusi msimbo.

Uchaguzi kwa ukurasa mmoja mmoja ni wa nadra, na unafaa ubaki hivyo. Safu ya kiolezo ikijazwa, hushinda aina. Ikiwa tupu, aina huamua. Aina isipojulikana, hutumika kiolezo cha msingi. WordPress, iliyoandikwa kwa PHP, hufuata utaratibu wa namna hiyo: jina la kiolezo maalumu cha ukurasa huhifadhiwa katika jedwali la wp_postmeta kwa ufunguo _wp_page_template, na faili mahususi zikikosekana zote, index.php hushika nafasi.

Kuchagua si sawa na kupakia, na hapa ndipo penye hatari. Jina la kiolezo lililotoka kwenye anwani au hifadhidata halipaswi kupelekwa moja kwa moja kwenye include, amri ya PHP ya kupakia faili, kwa kuwa mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika njia ya faili nyingine ya seva. Jina hulinganishwa kwanza na orodha ya violezo vinavyoruhusiwa:

$orodha = ['bei' => 'bei.php', 'kivutio' => 'kivutio.php'];
include __DIR__ . '/violezo/' . ($orodha[$aina] ?? 'msingi.php');

Neno lolote lisilo kwenye orodha huangukia msingi.php. Matini nayo hupitishwa kwenye htmlspecialchars, kitendaji cha PHP, kabla ya kuchapwa, ili alama zake zisisomwe na kivinjari kama amri.