Usalama wa uvuvi wa miguu na wa vyombo vidogo, Mombasa

Usalama wa uvuvi wa miguu na wa vyombo vidogo katika Kisiwa cha Mombasa ni jumla ya maarifa, mazoea na kanuni ambazo wavuvi, pamoja na watu wa mjini watokao kuvua kwa kujifurahisha, huzitegemea ili warudi salama kutoka mwambani, katika mikono ya bahari ya Tudor na Kilindini inayokizunguka kisiwa, na kwenye bahari kuu iliyo nje ya miamba. Mazungumzo ya siku hizi huelemea vifaa, lakini hatari ya kwanza ya mahali hapa ni ya saa: maji yaliyompokea mvuvi asubuhi siyo yatakayomrudisha adhuhuri.

Maji ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani maji makubwa ambayo tofauti ya kujaa na kupwa kwake huweza kuzidi mita 3, ilhali siku za nusu ya mwezi huwa za maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kwa takriban mita 1 tu. Kwa kuwa bamvua la Mombasa hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku, asubuhi hizo ndizo zinazowatoa watu kwenda mwambani kuchokoa pweza, na mtu anayezishika tarehe za mwezi huweza kuikisia saa ya maji hata kabla ya kufungua jedwali linalotolewa kila mwaka na Halmashauri ya Bandari ya Kenya (KPA).

Kujaa kwenyewe hakuendi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za maji kujaa, saa ya kwanza hupandisha kidogo tu, bali saa ya tatu na ya nne kwa pamoja hupandisha nusu ya maji yote. Kwa bamvua la mita 3, hiyo ni mita moja na nusu, kimo kinachomfika mtu mzima mabegani, ndani ya saa mbili. Tena maji hayaji kwa upande wa bahari peke yake, kwani hupenya mapema katika mifereji iliyo baina ya mwamba na ufuo, hivi kwamba mchokoaji aliyeinamia pango la pweza, akiwa bado amekanyaga jiwe kavu, huwa ameshakatiwa njia nyuma yake. Ndiyo maana mwenye uzoefu huanza kurudi maji yanaposimama, yaani katika kituo kifupi baina ya kupwa na kujaa, wala hangoji yamguse magoti.

Chini ya miguu kuna hatari nyingine. Samaki aina ya taa hujifukia mchangani na mkia wake una mwiba wenye sumu, kwa hiyo mwendo ufaao katika maji ya mchanga ni wa kuburura nyayo ili ashtuke na kuondoka, badala ya kuinua mguu na kumkanyaga mgongoni. Mwambani yupo samaki anayefanana kabisa na jiwe lililoota mwani, ambaye miiba ya mgongo wake hupenya hata raba nyembamba. Kwa sumu za samaki hawa wawili, huduma ya kwanza iliyothibitika ni kulitumbukiza jeraha katika maji ya moto, kadiri mtu awezavyo kustahimili bila kuungua, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha kumpeleka hospitali. Mwiba uliozama kifuani au tumboni haung'olewi ovyo.

Kwa vyombo, yaani mitumbwi, ngalawa na mashua, upepo huungana na maji katika hesabu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi, na kusi kuanzia Aprili hadi Septemba, huku miezi ya Juni na Julai ikiwa migumu kiasi kwamba wengi huacha kutoka nje ya miamba na kuvua ndani ya Tudor. Kimbilio hilo lina mtego wake. Karibu maji yote ya Tudor hutokea katika mlango mwembamba ulio baina ya Mji wa Kale na bara ya Nyali, na yanapokupwa kwa kasi hukutana mlangoni na kusi inayovuma kutoka baharini, kukazuka mawimbi mafupi yaliyosimama wima, ambayo hujaza mtumbwi haraka kuliko mtu awezavyo kuyakumba maji kwa upo. Upande wa Kilindini kuna meli kubwa zisizoweza kukwepa upesi, na kina chake si cha mchezo: gari lililotumbukia kutoka kivuko cha Likoni mwaka 2019 liliopolewa kutoka kina cha mita 58.

Uzito uliozidi ni adui wa chombo chochote, kama ilivyoonekana tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipopinduka kikiwa kimejaa kupita kiasi na watu zaidi ya 270 wakafariki. Kwa mvuvi, uzito huo ni nyavu zilizolowa, samaki, barafu na ngama, yaani maji yanayokusanyika chini ya chombo kwa kuwa kalafati imelegea. Chombo cha mbao kikipinduka kwa kawaida huendelea kuelea, kwa hiyo mabaharia hukishika hata kama ufuo unaonekana karibu. Jaketi okozi lililofungiwa chini chomboni halivaliki majini kwa wepesi, na hili ndilo jambo ambalo mazoea ya zamani, pamoja na ubora wake wote wa kusoma pepo na maji, hayakulipa uzito unaostahili.

Nje ya miamba kina huporomoka ghafla na kamba ya nanga haifiki chini, ilhali mkondo wa bahari hukokota kuelekea kaskazini, hivyo chombo kilichozimikiwa injini mbele ya Mombasa hutafutwa upande wa Kilifi. Utafutaji huratibiwa na kituo cha uokoaji cha Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya (KMA) kilichopo Mombasa, na tangu 2018 pia kuna Huduma ya Walinzi wa Pwani. Redio ya chaneli 16 ndiyo ya dharura. Asiye na redio hutegemea mtu aliyeachiwa habari ufuoni, anayejua chombo kimeelekea wapi na maji ya saa ngapi yalikuwa ya kukirudisha.