Bega la Mpiga Bunduki

Leo tuache kidogo pamba na mihogo, tuzungumze habari za bunduki. Usishtuke. Kama shamba lako liko upande wa Serengeti, wajua mwenyewe tembo na nyati wakishapita usiku mahindi yanabaki vipi. Na yule askari wa wanyamapori unayemwita aje, roho yake na yako zimo katika risasi moja. Akiogopa bega lake kuumia, atafumba macho akifyatua, na nyati aliyejeruhiwa ataingia kichakani. Hapo tena nani atakwenda kuchota maji?

Wazee wa Ikoma, Nata na Ikizu walisifika kwa upinde na mshale wa sumu. Upinde haumpigi mtu bega. Bunduki ndiyo iliyoleta shida hiyo.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalipatana mjini Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingie kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya Ikweta. Mwafrika akaachiwa gobori, la kushindilia baruti mdomoni. Sasa gobori halina kipimo isipokuwa mkono wa mwenyewe. Ukizidisha baruti, linakusukuma vibaya. Ukizidisha tena, mtutu unapasuka usoni. Wengi wamepoteza vidole hivyo.

Wajerumani nao waliwapa askari wao Waafrika bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, na hadi vita vya 1914 wengi bado walikuwa nayo, ingawa ya 1898 ilikuwepo. Hiyo ya zamani ilitoa moshi mwingi, adui akajua ulipo, na ilipiga bega kwelikweli. Fanya hesabu. Bunduki kilo 4 na nusu, risasi gramu 25: bunduki ni nzito mara 180. Risasi ikitoka kwa mita 440 kwa sekunde, bunduki nayo inarudi nyuma kwa zaidi ya mita 2 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, bila kuhesabu msukumo wa baruti yenyewe. Risasi ya Mauser mpya ilikuwa gramu 10 tu. Kwa hiyo ukiona bunduki nyepesi inayorusha risasi nzito, usiisifu mpaka uipige.

Waingereza walipoanzisha idara ya wanyama mwaka 1919, Bwana Nyama na askari wake walipewa pia kazi ya kulinda mashamba. Kwa tembo, idara hiyo ilitumia sana bunduki ya 404, yenye risasi ya gramu 26 hivi. Hapo ufundi ulitakiwa.

Ufundi wenyewe ni huu. Kitako kikazwe ndani ya bega, kwenye nyama, kisikae juu ya mfupa. Ukiacha nafasi hata ya kidole, bunduki inapata mwendo kabla ya kukugonga; ni sawa na kupigwa nyundo badala ya kusukumwa. Mguu mmoja mbele, mwili uinamie mbele kidogo, uyumbe pamoja na bunduki. Kwa bunduki nzito usilale chini, maana ukilala mwili hauna pa kurudi, bega linabeba yote. Mpira laini nyuma ya kitako husaidia sana. Na anayejifunza aanze na bunduki ndogo.

Wewe mkulima, tembo usimguse. Sheria hairuhusu, na bunduki yoyote yataka leseni. Tumia tochi, madebe na kamba za pilipili, kisha mwite askari.

Askari naye akitaka kujua kama ana woga, mwenzake amjazie bunduki kwa siri, mara risasi nzima, mara ganda tupu. Kwenye ganda tupu hakuna mlio wala msukumo, lakini mwenye woga utaona mtutu wake umeshuka na macho yamefumba.