Mtandao Unavyokula Chaji: Kutoka 2G Hadi 5G

Septemba 2007, Steve Jobs, mkuu wa Apple, alikwenda London kutangaza kwamba iPhone ingeanza kuuzwa Uingereza. Swali likazuka: simu ya bei kubwa vile inakosaje 3G? Akajibu kwamba chipu za 3G zinakula umeme kupita kiasi. Julai 2008 iPhone 3G ikatoka, na takwimu za Apple yenyewe zikaonyesha alichomaanisha: betri iliyojaa ilitosha mazungumzo ya saa 10 kwenye 2G, lakini saa 5 tu kwenye 3G. Simu ni ile ile. Kilichobadilika ni mtandao.

2G ilikuwa na ubahili wa asili. GSM, mfumo wa 2G ulioanza kazi Finland Julai 1991, uligawa muda katika vipande vinane. Mtu akizungumza, simu yake hurusha mawimbi katika kipande kimoja tu, kisha huacha kurusha katika saba vilivyobaki. Kwa kiasi fulani ndiyo maana Nokia 1100 ya mwaka 2003, mojawapo ya simu za tochi ambazo Wakenya waliziita mulika mwizi, ilikaa siku kadhaa kwa betri ya miliampia-saa 850.

3G ikavunja utaratibu huo. Wakati wa mazungumzo redio ya simu hurusha mfululizo, huku mnara ukiiamuru ipandishe au ishushe nguvu mara 1,500 kwa sekunde. Data nayo ikaja na hasara yake. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, walionyesha kwamba karibu asilimia 60 ya nishati ya upakuaji wa kawaida kwenye 3G huteketea baada ya upakuaji kwisha. Redio hubaki macho kwa sekunde kadhaa, kama mwenye duka anayechelewa kufunga akitumaini mteja wa mwisho. Ndiyo maana jumbe ndogo zinazoingia moja moja humaliza chaji kuliko uzito wake.

4G iliongeza kasi, lakini mkesha ukabaki. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzao walipima wakakuta 4G inaweza kutumia nishati hadi mara 23 ya Wi-Fi. Ruta ya Wi-Fi iko mita chache, ilhali mnara waweza kuwa kilomita kadhaa. Tena simu huiarifu ruta kwamba inalala, nayo ruta huitunzia data mpaka iamke.

5G ilipoanza kusambaa mwaka 2019, mitandao mingi iliegemea 4G, hivyo simu ikalazimika kushika miunganisho miwili kwa pamoja. Tangu hapo wahandisi wameifundisha redio kulala mapema zaidi. Hata hivyo, penye mawimbi hafifu simu hulazimika kuongeza nguvu ili isikike mnarani, na chaji hushuka mbio.

Basi, ukiwa na Wi-Fi, itumie. 5G ikiyumba, rudi 4G. Pasipo mtandao kabisa, washa hali ya ndege. Watengenezaji nao wana wajibu. Maboksi mengi ya simu hutangaza ukubwa wa betri, lakini namba hiyo peke yake haimwambii mnunuzi simu itadumu saa ngapi kwenye mtandao wa kwao. Apple iliandika saa za 2G na za 3G mwaka 2008. Anayelipia kuchajisha simu kibandani anastahili kuambiwa hivyo hivyo kabla hajatoa pesa yake.