Vijiji vya Marika katika Unyakyusa

Wengi wetu hudhani kwamba kijana kukaa kwa baba yake mpaka aoe ni jambo la maumbile. Lakini wataalamu wa anthropolojia wametuonyesha kuwa mengi tuyaitayo maumbile ni kazi ya utamaduni. Ushahidi mmoja tunao humu humu nchini, kaskazini ya Ziwa Nyasa.

Kati ya mwaka 1934 na 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica walichunguza maisha ya Wanyakyusa. Waliona kuwa mvulana alipofikia umri wa miaka 10 au 11 aliihama nyumba ya wazazi, akaenda kujenga kibanda pamoja na wenzake wa rika moja. Mashamba ya baba zao waliendelea kuyalima, na chakula walikula kwa mama zao, wakienda kwa kikundi kutoka nyumba hata nyumba. Walipooa, waliwaleta wake zao hapo hapo. Hatimaye baba zao waliwakabidhi madaraka ya nchi katika sherehe kubwa iitwayo ubusoka.

Utaratibu huu haukuzuka bure. Uliwatenga baba mkwe na mkazamwana, ambao mila iliwakataza kukutana. Tena ulimlea kijana katika ukwangala, yaani raha na adabu ya kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao. Jambo hili Monica Wilson alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951, *Good Company*.

Hata hivyo, utamaduni hausimami mahali pamoja. Zamani ardhi iligawanywa kijijini, na watu waliweza kuhama. Mkahawa ulipopandwa, mwenye shamba hakutaka tena kuuacha. Alitaka kuwarithisha wanawe. Vijana nao walikwenda kutafuta ujira migodini, na ardhi ikawa haba. Basi vijiji vya marika vikafifia.

Tunajifunza nini? Kwamba desturi ni chombo kilichoundwa na watu ili kubeba jambo walithaminilo. Njia ya kupata riziki ikibadilika, chombo huweza kuvunjika. Kwa hiyo haitoshi kuzisifu mila za kale wala kuzicheka. Yatupasa kuwauliza wazee wetu kila mila ilibeba nini. Kijiji cha rika kimetoweka, lakini haja ya kumfunza kijana kuishi na wenzake ingalipo. Ni chombo gani kinachoibeba leo?