Mjenzi wa Madirisha: Tarehe ya Bill Atkinson

Kila anayewasha kompyuta leo hukuta kazi zake zimekaa ndani ya madirisha. Barua iko hapa, hesabu ziko pale, picha imelala juu ya vyote viwili. Ukilivuta dirisha la juu pembeni, la chini linajitokeza zima, na herufi zake zote ziko mahali pake. Hakuna anayeshangaa. Lakini jambo hili lina watu walioliunda, na kwa kompyuta ndogo za mezani sehemu kubwa ya mzigo ilibebwa na Bill Atkinson wa Apple, aliyefariki tarehe 5 Juni 2025 akiwa na umri wa miaka 74. Fani yetu ina tabia ya kukumbuka wenye kampuni tu. Mwandishi wa programu naye anastahili tarehe yake.

Nasaba ya kazi hii inaanzia kwa Doug Engelbart, ambaye tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, aliuonyesha umati wa wataalamu kipanya na skrini iliyogawanywa sehemu sehemu. Baada yake wakaja watafiti wa Xerox PARC kule Palo Alto. Mwaka 1973 walikuwa tayari na kompyuta iitwayo Alto, na juu yake kikundi cha Alan Kay kikajenga Smalltalk, lugha na mazingira ya kuandikia programu. Dan Ingalls, fundi mkuu wa msimbo wa kikundi hicho, alibuni njia ya kuhamisha kipande cha picha kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine kwa pigo moja, na hapo ndipo madirisha ya kulaliana yalipowezekana. Ila Alto haikuuzwa madukani. Ilibaki ya maabara na ofisi chache.

Atkinson hakusomea kompyuta tangu awali. Alikuwa mwanafunzi wa kemia huko San Diego, kisha akaenda Seattle kusomea ubongo na neva. Aliyemvuta Apple mwaka 1978 ni Jef Raskin, aliyewahi kumfundisha San Diego. Kampuni ilikuwa na watu hamsini hivi. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kuileta lugha ya Pascal kwenye Apple II, na baada ya hapo akaingizwa katika mradi wa Lisa, kompyuta ya ofisini.

Desemba 1979 watu wa Apple walikaribishwa PARC, Atkinson akiwa miongoni mwao. Larry Tesler ndiye aliyewaonyesha Smalltalk. Atkinson alitoka pale akiamini ameona madirisha yaliyolaliana, na kila moja likiendelea kujichora hata likiwa limefunikwa nusu. Kumbe halikuwapo jambo hilo. Katika Smalltalk ya wakati ule ilibidi kwanza ulilete dirisha juu ndipo liandikwe tena ndani yake. Kwa kuwa alidhani wenzake wamekwisha kulitatua tatizo, Atkinson hakujiuliza kama linawezekana. Alijiuliza tu limefanywaje, akakaa chini kulitafuta.

Ugumu wake ni huu. Dirisha likifunikwa pembeni, sehemu inayobaki kuonekana haiwi tena mstatili, inakuwa na umbo la herufi L. Likifunikwa na madirisha matatu, linabaki na matundu na vipande vilivyoachana. Kila mstari, kila herufi inayochorwa humo lazima ikatwe kufuata umbo hilo, isimwagikie kwa jirani. Skrini ya Lisa ilikuwa na nukta 720 kwa 364, yaani zaidi ya nukta 262,000. Kuiuliza kila nukta moja moja kama inaonekana au haionekani kungeifanya mashine itambae.

Atkinson akaamua kuandika mabadiliko tu. Ukitembea kwenye mstari mmoja wa skrini kutoka kushoto kwenda kulia, unaweka alama pale unapoingia ndani ya umbo na pale unapotoka. Ukishuka mstari wa pili, kama haukubadilika, huandiki kitu. Unaandika tena pale tu ambapo mstari unatofautiana na ule wa juu yake. Basi mstatili mtupu, hata ujaze skrini nzima, ulihifadhiwa kwa baiti 10. Umbo la ovyo lenye matundu liligharimu zaidi, lakini si kwa kadiri ya ukubwa wake, bali kwa kadiri ya mipindo yake. Kisha akaandika taratibu za kuyajumlisha maumbo hayo, aliyoyaita maeneo, kuyatoa moja katika jingine, na kupata sehemu yanapokutana. Dirisha likisogezwa, mfumo unatoa umbo jipya katika la zamani, unapata eneo lililofunuliwa sasa hivi, na kuiambia programu ya chini: chora hapa tu. Mimi huona uzuri mkubwa katika kazi hii, na kila ninaporudi kuisoma naona jinsi ilivyo fupi.

Thamani yake Apple waliijua. Siku moja Atkinson alipata ajali, gari lake aina ya Corvette likaingia chini ya lori lililoegeshwa, akapoteza fahamu. Steve Jobs alikimbilia hospitali. Mgonjwa akamtuliza bosi wake: yale maeneo bado anayakumbuka.

Mwaka 1981 alionyesha njia ya kuchora duara na mayai kwa kasi isiyotarajiwa. Prosesa ya Lisa, 68000, haikuwa na uwezo wa kushughulikia namba za desimali, na kutafuta kipeuo cha pili kungechukua muda mrefu. Yeye akatumia siri ya namba witiri: 1 na 3 ni 4, ongeza 5 upate 9, ongeza 7 upate 16. Vipeo vya pili vyote vinapatikana kwa kujumlisha, bila kuzidisha wala kutafuta kipeuo. Jobs alipouona mduara akauliza: na mstatili wenye pembe za mviringo je? Atkinson akaona ni usumbufu usio na haja. Jobs akamtoa nje, akamtembeza mitaani akimwonyesha vitu vyenye pembe hizo mpaka wakafika kwenye kibao cha kukataza kuegesha magari. Atkinson akasalimu amri. Siku iliyofuata pembe za mviringo zilikuwa zinachorwa kwa kasi inayokaribia ile ya mstatili wa kawaida, na tangu hapo hazijaondoka kwenye vitufe na visanduku vya skrini.

Mapema mwaka 1982 mameneja wa Lisa walitaka kila mhandisi ajaze fomu kila wiki, aseme ameandika mistari mingapi ya msimbo. Wiki ile Atkinson alikuwa ameisuka upya sehemu ya maeneo. Ilikuwa imeongeza kasi karibu mara sita, na mistari ipatayo elfu mbili ilikuwa imepungua. Kwenye nafasi ya idadi akaandika -2000. Baada ya muda wakaacha kumletea fomu. Kisa hiki kimesimuliwa na mwenzake Andy Hertzfeld, na kinapaswa kusomwa na kila meneja anayepima kazi ya programu kwa urefu wake.

Lisa ilitoka Januari 1983 kwa dola 9,995, na wanunuzi wakawa wachache. Macintosh ikafuata tarehe 24 Januari 1984. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 128, na skrini peke yake ilikula karibu 22. Mfumo wa kuchora wa Atkinson, sasa ukiitwa QuickDraw, ulibanwa ndani ya ROM ya kilobaiti 64 pamoja na mengine yote. Juu yake aliandika MacPaint, programu ya kuchora kwa kipanya, na watu wengi walipoishika Macintosh kwa mara ya kwanza ilikuwa ndiyo waliyoifungua.

Ukitaka kupima ugumu wa kazi hiyo, watazame washindani. Windows ya kwanza, ya Novemba 1985, ilipanga madirisha ubavu kwa ubavu. Kulaliana kulikuja na toleo la pili mwishoni mwa 1987. Waliojenga mfumo wa madirisha uitwao X kule MIT, chini ya Bob Scheifler, walihifadhi maumbo kama orodha za mistatili, njia nyingine yenye heshima yake.

Mwaka 1987 Atkinson alitoa HyperCard, kadi zenye vitufe vinavyompeleka msomaji kutoka kadi moja hadi nyingine, na aliisisitizia Apple igawe bure na kila Macintosh mpya. Walimu na madaktari wasiojua kuandika programu waliandika zao. Mchezo wa Myst wa 1993 ulijengwa humo. Mwaka 1990 alianzisha kampuni ya General Magic pamoja na Hertzfeld na Marc Porat. Kifaa chao cha mkononi kilitangulia soko, na kampuni haikudumu. Baadaye alijikita katika kupiga picha za mandhari na za mawe.

QuickDraw yenyewe ilipisha mfumo mpya Mac OS X ilipokuja mwaka 2001, kwa kuwa kumbukumbu ilikuwa tele na kila dirisha likaweza kuhifadhiwa zima pembeni kabla ya kuunganishwa na mengine. Hata hivyo mifumo ya sasa bado inakokotoa eneo lililobadilika ili isichore skrini nzima bila sababu. Msimbo wa Atkinson uliwekwa wazi na Computer History Museum ya California mwaka 2010: MacPaint ina mistari kama 5,800 ya Pascal pamoja na asembli kiasi, na QuickDraw ina zaidi ya 17,000, yote ya asembli. Kijana anayejifunza kazi hii aisome MacPaint kwanza, kwa sababu Pascal yake inasomeka bila mkalimani, kisha ashuke kwenye maeneo.