Mizigo ya ndege kwa safari ndefu ya Ulaya: kilo zihesabiwe kwa tiketi iliyo ndogo kuliko zote

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki waendao Ulaya kwa wiki kadhaa, ama kwa maonesho, ama kutafuta wanunuzi, ama kutembelea jamaa na kuuza kidogo njiani, mara nyingi hupoteza fedha kabla ya kuuza chochote. Fedha hizo hulipwa kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, kwa mzigo uliozidi. Faida ya vikapu kumi inaweza kuishia hapo.

Chanzo huwa ni kimoja: msafiri amepima mzigo kwa ndege ya kwanza, akasahau kwamba safari ina ndege ya pili na ya tatu.

Mifumo miwili ya mizigo

Mashirika ya ndege hutumia mifumo miwili. Wa kwanza ni wa idadi ya mabegi: tiketi hutaja begi moja au mawili, na kila begi lina kikomo chake, ambacho kwa daraja la kawaida mara nyingi ni kilo 23. Katika mfumo huu, begi moja la kilo 27 na jingine la kilo 15 ni kosa, hata kama jumla haifiki kilo 46. Wa pili ni wa uzito wa jumla: tiketi hutaja kilo 20, 25 au 30, na msafiri hugawanya apendavyo.

Begi la kupakiwa pia lina kikomo cha ukubwa. Mashirika mengi hujumlisha urefu, upana na kimo, na jumla isizidi sentimita 158. Muuza vikapu ndiye huumia zaidi hapa, kwa kuwa vikapu ni vyepesi lakini hujaza nafasi. Dawa yake ni kuvipanga kimoja ndani ya kingine na kujaza nguo katikati. Kwa muuza vinyago vya mpingo mambo ni kinyume: nafasi inabaki, kilo zimekwisha.

Begi lolote linalozidi kilo 32 kwa kawaida halipokelewi kama mzigo wa abiria hata kwa malipo, kwa ajili ya kulinda afya ya wapakiaji. Lazima lipunguzwe au lipelekwe kama shehena.

Mzigo wa mkononi huruhusiwa kilo 7 hadi 12 kutegemea shirika, na ukubwa wa kawaida ni karibu sentimita 55 kwa 40 kwa 20.

Tiketi moja au tiketi mbili?

Hili ndilo swali la kuuliza kabla ya kununua begi. Msafiri mwenye tiketi moja kutoka Nairobi hadi Frankfurt, hata akibadilisha ndege njiani, kwa kawaida huwa na kanuni moja ya mizigo kwa safari nzima, nayo huandikwa kwenye tiketi.

Lakini aliyenunua tiketi ya pili peke yake, mathalani kutoka Frankfurt kwenda Milan kwa shirika la bei nafuu, anaanza upya. Tiketi ya chini kabisa ya mashirika hayo mara nyingi huruhusu mfuko mdogo tu wa kuweka chini ya kiti, wa takriban sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Begi la kupakiwa hulipiwa, na bei yake mtandaoni mapema huwa ndogo kuliko uwanjani.

Kwa hiyo hesabu ifanywe kwa tiketi yenye kikomo kidogo kuliko zote. Kama ndege ya ndani ya Ulaya imelipiwa begi la kilo 20, basi safari nzima ni ya kilo 20, hata kama ile ya kutoka Nairobi inaruhusu mabegi mawili ya kilo 23.

Njia nyingine ni treni. Treni nyingi za Ulaya hazipimi mizigo, mradi msafiri aweze kuibeba mwenyewe. Eurostar, iendayo kati ya London na Paris, huhesabu idadi na urefu wa mabegi, si kilo. Mwenye sampuli nyingi alinganishe nauli ya treni na nauli ya ndege pamoja na bei ya begi, si nauli peke yake.

Hesabu ya kilo 23

Begi tupu la magurudumu lina kilo 3 hadi 5. Mfano wa mgawanyo kwa muda wa wiki sita:

- Begi lenyewe: kilo 4
- Nguo na viatu: kilo 9
- Dawa, sabuni na vitu vidogo: kilo 2
- Sampuli za biashara: kilo 6
- Akiba: kilo 2

Akiba isiguswe wakati wa kwenda. Mizani ya nyumbani na ya uwanjani huweza kutofautiana, na wakati wa kurudi kuna makaratasi ya wanunuzi na zawadi za watoto.

Safari ya wiki sita haihitaji nguo za wiki sita. Nguo za siku saba au nane zinazofuliwa zinatosha. Maonesho ya Ambiente ya Frankfurt hufanyika Februari, na ITB ya Berlin hufanyika Machi, wakati wa baridi au baridi inapoanza kupungua. Nguo nyembamba zinazovaliwa moja juu ya nyingine hubeba joto na kilo chache kuliko sweta mbili nene. Koti zito, ambalo hupatikana kwa bei ya mitumba Gikomba au Owino, livaliwe au lishikwe mkononi. Viatu vizito pia vivaliwe siku ya safari.

Asiye na mizani ya kuning'iniza asimame juu ya mizani ya kawaida akiwa na begi, kisha bila begi, na atoe tofauti.

Kipi kikae wapi

Begi la kupakiwa linaweza kuchelewa. Kwa hiyo sampuli moja ya kila aina, orodha ya bei, dawa, kompyuta na hati zote zikae kwenye mzigo wa mkononi. Mfanyabiashara aliyefika kwenye meza ya maonesho na sampuli moja bado ana la kuonesha. Aliyezipakia zote hana kitu.

Betri za akiba za kuchajia simu ni marufuku kwenye mzigo wa kupakiwa. Zikae mkononi, na zisizidi wati-saa 100 bila idhini ya shirika.

Vimiminika vya mkononi vimewekewa kikomo Ulaya tangu Novemba 2006, baada ya njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji kugunduliwa Uingereza Agosti 2006. Kila chupa isizidi mililita 100, na zote ziingie katika mfuko mmoja angavu wa lita 1. Baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya vimelegeza sharti hili, lakini msafiri hapiti kiwanja kimoja tu. Hapa pia kanuni ndogo ndiyo ya kufuata.

Wanaopitia mipaka ya nchi kavu kwenda kupanda ndege, kama wa Arusha wapitao Namanga kwenda Nairobi, wakumbuke kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019. Sampuli zifungwe kwa kitambaa au karatasi.

Vyakula na forodha

Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka Afrika Mashariki kuingia na nyama wala maziwa, samli ikiwemo. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2. Samaki wakavu wanaruhusiwa hadi kilo 20. Tangu Desemba 2019 matunda na mboga mbichi nyingi, maembe na pilipili yakiwemo, huhitaji cheti cha afya ya mimea. Ndizi, mananasi, nazi na tende zimesamehewa. Uingereza ina kanuni zake.

Abiria wa ndege husamehewa ushuru kwa vitu vyake binafsi vya hadi euro 430. Msamaha huo hauhusu bidhaa za kuuza. Mwenye sampuli awe na ankara yenye idadi na thamani, na azitaje forodhani mwenyewe. Mpingo uko kwenye orodha ya mkataba wa CITES tangu 2017, hivyo mwenye vinyago aulize idara ya misitu kuhusu kibali kabla ya kufunga begi. Pembe za ndovu na magamba ya kasa yasibebwe kabisa.

Mzigo ukipotea

Kenya na Tanzania ni wanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999. Chini yake, fidia ya mzigo kwa abiria mmoja ina kikomo cha SDR 1,519 tangu mwisho wa 2024. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF. Mzigo ulioharibika udaiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokelewa, na uliochelewa ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa. Usipofika ndani ya siku 21, abiria anaweza kudai kama mzigo uliopotea.

Shirika halilipi kwa kubahatisha. Orodha ya vilivyomo, picha ya begi likiwa wazi na kibandiko cha mzigo vihifadhiwe hadi msafiri arudi nyumbani.